Tumbo Jipya la Verner

Verner Toftdal hakukubali kupasuliwa tumbo kwa kutaka urembo, wala kwa sababu ya magoti, ingawa magoti yalimuuma kweli. Alikubali kwa ajili ya lori. Alikuwa na miaka hamsini na minne na kilo mia moja hamsini na moja, na kwa miaka ishirini na sita alikuwa akizunguka mashamba ya kisiwa cha Mors, akinyonya maziwa kwa mpira wa lori kutoka kwenye matangi ya wafugaji na kuyapeleka kiwandani ng'ambo ya daraja. Daktari aliyempima kwa ajili ya leseni alimwambia bila kuzunguka: mtu mnene kiasi hicho, anayekoroma na kukatika pumzi usingizini, husinzia mchana, na anayesinzia hakabidhiwi lori zima la maziwa. Apungue, la sivyo leseni haitafanywa upya.

Basi akapungua. Wakamshona tumbo likabaki dogo kama yai la kuku, wakaugeuza utumbo wake njia, wakamrudisha nyumbani na karatasi ya masharti ambayo mkewe, Jonna, aliibandika kwenye mlango wa jokofu. Ale taratibu, nusu saa kwa mlo. Atafune mpaka tonge liwe uji. Asinywe chochote wakati wa kula. Nyama, samaki au yai kwanza, mkate baadaye kama nafasi imebaki. Vidonge vya vitamini kila siku mpaka kaburini. Damu ipimwe kila mwaka. Na sukari aiogope.

Jonna alikuwa mpishi katika nyumba ya wazee, na kupima chakula cha mtu ilikuwa kazi yake ya kila siku. Alimwekea Verner chakula kwenye kisahani cha kikombe: robo ya kipande cha mkate mweusi, kijiko cha maini ya kusaga, vipande viwili vya tango. Verner aliyazoea hayo upesi kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Kilichomshinda ni ukimya. Zamani chakula cha mchana kilikuwa na sauti yake, na mafuta yake, na ngozi ya nguruwe iliyokaushwa ikilia kati ya meno. Sasa alimaliza kabla Jonna hajakaa vizuri, kisha akabaki amekunja mikono, akimtazama mwenzake anavyokula.

Mwezi wa tatu, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya shemeji yake, alilamba vijiko viwili vya aiskrimu. Dakika ishirini hazikupita, moyo ukaanza kumpiga kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi, jasho likamtiririka, akaenda kulala juu ya vigae vya bafuni huku wageni wakiimba ukumbini. Tangu siku hiyo aliiogopa sukari kama mtoto aliyeungua anavyoogopa jiko. Hofu hiyo ilimlinda mwaka mzima. Kilo zikaporomoka, koromo likaisha, leseni ikapigwa muhuri. Wafugaji, ambao sifa yao ya juu kabisa kwa kitu chochote ni kusema "si mbaya," walimzunguka wakamtazama, wakasema si mbaya.

Isipokuwa Asta Krogh.

Asta alikuwa mjane wa miaka sabini na sita. Shamba lilikuwa la mwanawe, ambaye kutwa alikuwa mashambani au kwenye trekta, lakini ndama walikuwa wa Asta. Kila asubuhi aliwanywesha kwa ndoo, mmoja mmoja, katika vibanda vyao vyeupe vya plastiki vilivyopangwa kando ya uwanja. Kisha alimngoja Verner. Kila baada ya siku moja, kwa miaka ishirini na sita, mpira ukiwa umeunganishwa na tangi na maziwa yakipanda, Verner aliingia jikoni kwa Asta, akakuta kahawa na keki. Marehemu Poul, mumewe Asta, alipokuwa hai walikaa watatu. Alipokufa, wakakaa wawili. Sasa Verner alikuja akinywa kahawa chungu amesimama, kofia mkononi, kisha akaondoka.

Asta alivumilia mwaka. Siku moja akasema, bila kumtazama, "Nimekuchosha, Verner?"

"Hapana, Asta. Ni tumbo."

"Tumbo, tumbo. Kaa basi. Nimekata chembamba, ukikiinua dirishani unaona ng'ambo."

Verner alikaa. Ilikuwa keki ya matabaka yenye krimu na jamu ya matunda mekundu, na kweli kipande kilikuwa chembamba. Alikula polepole, huku akingojea ngumi zigonge mlangoni. Hazikugonga. Alisubiri dakika kumi, ishirini, maziwa yakaisha kunyonywa, akaaga. Asta alisimama kibarazani akimpungia mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba.

Verner aliendesha akijiambia kwamba mwili umezoea. Kumbe ile hodi ya kwanza ilikuwa ya mgeni mwenye adabu. Wa pili hakupiga hodi.

Alikuja baada ya saa moja na nusu, Verner akiwa njiani kuelekea darajani. Kwanza vidole vilitetemeka juu ya usukani. Kisha njaa ikamjia, njaa ambayo hakuwahi kuijua hata siku zake za unene, njaa ya miguu na mikono. Shati likalowa. Taa za breki za gari la mbele zikawa mbili, zikawa nne. Aliegesha kando, akapekua kisanduku cha gari, akapata pipi kuukuu ya mnanaa iliyogandamana na karatasi yake. Akaila na karatasi. Dakika tano baadaye dunia ilirudi mahali pake, naye akacheka peke yake, akaona amepata dawa.

Huo ndio ulikuwa mwanzo. Kila aliporidhia kipande cha Asta, mtetemeko ulikuja kwa wakati wake, naye akaujibu kwa pipi. Lakini pipi nayo ilikuwa sukari, na baada ya saa moja nayo ilidai haki yake, ikajibiwa kwa pipi nyingine. Baada ya miezi michache hakuhitaji tena keki. Alikuwa na mfuko mzima mlangoni mwa lori, na asubuhi nyingi aliondoka bila kula alichowekewa na Jonna, kwa kuwa tumbo lilikuwa limeshajifunza kudai kitu kingine.

Jonna alizikuta karatasi za pipi mfukoni mwa suruali siku ya kufua. Alimuuliza. Verner alisema ni za kuondoa harufu mdomoni, kwa sababu ya zile vitamini. Ilikuwa rahisi kusema, hata yeye mwenyewe alishangaa. Barua ya hospitali ya kumkumbusha kipimo cha damu ilipofika, aliiweka kwenye kisanduku cha gari, na wiki iliyofuata akamwambia mkewe kwamba ameshakwenda na kila kitu ni sawa. Alijua vizuri kwa nini anadanganya. Alilipa tumbo lake ili alipate lori. Sasa mtu akiandika mahali fulani kwamba dereva wa maziwa anatetemeka na kuona taa nne badala ya mbili, lori litakwenda, na tumbo halitarudi.

Mwezi wa Oktoba, kwenye shamba moja la kaskazini, aliuchomoa mpira kabla ya kufunga vali. Maziwa yalimwagika uwanjani, meupe, yakafuata mteremko mpaka kwenye mtaro, naye Verner akasimama akiyaangalia kana kwamba yanamhusu mtu mwingine. Mwenye shamba alikimbia akaifunga yeye.

"Leo umeamua kuwalisha paka wa kisiwa kizima?" akamwuliza, na alikuwa anatania, lakini alimkazia macho zaidi kidogo kuliko utani unavyotaka.

Verner alisema hakulala vizuri.

Novemba, asubuhi ya ukungu, jambo lingine likatokea, na hili hakulisimulia kwa mtu. Alikumbuka kibao cha mwisho cha barabarani upande wa kisiwani. Alikumbuka kufungua mfuko wa pipi. Kisha alijikuta amesimama kwenye maegesho ya ng'ambo, injini ikinguruma, taa ya kuashiria kulia ikiwaka na kuzimika. Daraja lote, zaidi ya kilomita moja na nusu juu ya maji, halikuwamo kichwani mwake. Alishuka akalizunguka lori, akigusa kila kona na kila taa, akitafuta mkwaruzo, rangi ya gari la mtu, chochote. Hakukuwa na kitu. Alisimama kando ya gurudumu la mbele mpaka baridi ikampenya koti. Aligundua kwamba karatasi ya pipi bado alikuwa nayo mkononi, na pipi ilikuwa chini, haijaliwa.

Mtu mwingine angeacha siku hiyo. Verner aliapa tu kwamba ataongeza uangalifu: pipi kabla ya daraja, pipi baada ya daraja. Kila alipofika ng'ambo alitazama saa ili ahakikishe kwamba dakika zote zipo.

Likizo ya Krismasi ilimpa nafuu kwa kuwa Jonna alikuwa nyumbani akimlisha kwa saa. Januari akarudi barabarani. Februari, siku ya Jumanne, ardhi ikiwa imelegea kwa mvua, aliondoka bila kifungua kinywa. Saa mbili mkono ukaanza kutetemeka, akatupia mdomoni pipi nne kwa mpigo. Saa tatu na robo aliingia uwanjani kwa Asta.

Kama alivyofanya miaka yote, alitakiwa kupita mbele ya zizi, asimame, arudi nyuma kwa kona mpaka kwenye chumba cha tangi. Alikumbuka kupita mbele ya zizi. Kilichofuata alikisikia kabla ya kukiona: sauti ya plastiki ikipasuka, ndefu, kama mtu anayechana shuka, na ndani yake sauti nyingine fupi. Lori lilikuwa likirudi nyuma. Mguu wake ulikuwa mahali fulani, hakujua wapi. Likasimama lenyewe lilipogonga ukuta wa zege.

Mlango ulifunguliwa kutoka nje. Asta alikuwa amepanda ngazi ya lori kwa viatu vyake vya mpira, uso karibu na uso wake. Verner alimwona anasema, akajibu, na alijisikia akijibu maneno yasiyo maneno. Asta akamnusa mdomo.

"Hujalewa," alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Poul alikuwa hivi alipozidisha sindano yake ya sukari. Hivi hivi. Kaa hapo, usiguse kitu."

Akazima injini, akaondoka na ufunguo. Alirudi na kikombe cha sharubati, akamshikia kidevu akamnywesha kama anavyonywesha ndama dhaifu, kisha akamlisha kipande cha jibini na mkate mweusi, akingojea ameze kila tonge. Rangi ilipomrudia Verner usoni, Asta akamwambia ashuke aone.

Vibanda viwili vilikuwa vimelazwa chini. Kimoja kilikuwa kitupu, ndama wake amechomoka na sasa amesimama kwenye majani, akitetemeka. Cha pili hakikuwa kitupu. Chini ya gurudumu la nyuma, imebanwa ikawa bapa kama sahani, ilikuwako ndoo ya kunyweshea, na maziwa yake bado yalikuwa yakifuka mvuke.

Asta alikuwa amesimama nayo hapo hapo, akaiweka chini kwa muda tu, akaenda ndani kuchukua glovu.

Kisha Verner, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, alimshika Asta mkono akamwomba asiseme. Aliomba vibaya, bila mpangilio, akataja leseni, akataja miaka iliyobaki kabla ya pensheni, akasema hatakula tena keki. Alipotaja keki uso wa Asta ulibadilika. Mpaka wakati huo hakuwa amejua. Aliutoa mkono wake taratibu. Alisema mwanawe ataambiwa kwamba lori liliteleza kwenye tope. Akamrudishia ufunguo. Siku hiyo hakukuwa na kahawa.

Verner akanyonya maziwa, akaendesha, akavuka daraja. Jioni Jonna alimuuliza siku ilikuwaje, akasema si mbaya.

Siku ya Alhamisi alikuta lango la Asta limefungwa kwa mnyororo. Halikuwahi kufungwa mchana. Asta alisimama upande wa ndani amevaa koti lake la kanisani, mikono mfukoni, na ilionekana amesimama hapo muda mrefu, kwa sababu pua ilikuwa nyekundu.

Verner alishusha kioo. "Fungua, Asta. Tangi lenu limejaa."

"Limejaa ndiyo. Mwanangu ameshapiga simu, analetwa dereva mwingine. Sijamwambia sababu. Sababu utaisema wewe."

"Tulikubaliana."

"Nilikubali nikiwa na aibu ya keki yangu. Nimekaa nayo siku mbili, aibu. Imenipungua. Wewe piga simu kwa mkubwa wako sasa hivi, mbele yangu, au nipige mimi."

Verner alishika usukani kwa mikono miwili. Alisema jambo ambalo hakuwa amelisema hata kwa mkewe: "Bila lori, mimi ni nani?"

Asta alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali la kweli. "Hilo sijui," alisema. "Lakini ndoo ilikuwa yangu, Verner."

Alizima injini. Hakumpigia mkubwa wake kwanza, alimpigia Jonna, na Jonna akaja na gari lao dogo, bado amevaa aproni ya kazini, mikono ikinuka vitunguu. Alisikiliza yote hapo barabarani, wamesimama kati ya lori na lango: pipi, vali, daraja, barua ya hospitali, ndama. Asta alikuwa ameingia ndani kwa heshima. Jonna hakulia wala hakugomba. Alimuuliza jambo moja tu.

"Daraja umevuka mara ngapi namna hiyo, baba?"

"Sijui, mama."

Baadaye, miezi mingi, Jonna alisema kwamba angeweza kulistahimili jibu lolote la idadi. Mara mbili, mara kumi. Kile kisichojulikana ndicho kilichomfanya, mpaka leo, alizunguke daraja kwa kivuko kila anapoweza.

Leseni ilichukuliwa. Hospitali walimpima Verner, wakamnywesha maji ya sukari kwenye kiti na kumtazama akiporomoka mbele yao, wakaandika. Mwili wake mpya, walimweleza, unaipokea sukari kwa pupa kisha unaitimua yote na zaidi ya yote. Hali hiyo huwapata baadhi ya watu, mwaka wa pili au wa tatu, na ndiyo maana barua zile hutumwa. Kwa wengine hutulia kwa kula vizuri. Kwa wengine haitulii. Yeye ni wa kundi gani, walisema, itajulikana kwa kungoja.

Sasa anaosha matangi kiwandani, kuanzia saa moja hadi saa tisa. Malori yanaingia moja baada ya jingine, na yeye anawajua madereva wote, nao wanamsalimia upesi upesi. Anakula mara sita kwa siku kwa saa, si kwa njaa, kwa sababu njaa yake haiaminiki tena: yai, samaki wa siki, jibini, maharagwe, kipande cha mkate mweusi kisichozidi kiganja cha mtoto. Pipi hagusi. Alikwenda kwa Asta mara moja, kwa baiskeli. Asta alimpa yai la kuchemsha na kahawa, wakakaa pande mbili za meza, na mazungumzo hayakupatikana. Alipoaga, Asta alisema aje tena. Bado hajaenda.

Mkononi, juu ya kiwiko, amebandikwa kipimo kidogo cha duara kinachosoma sukari yake mchana na usiku na kuipeleka kwenye simu. Akipitisha miezi mitatu bila sukari kushuka mno, wataanza kuzungumza naye kuhusu leseni. Hesabu hiyo imeshavunjika mara mbili. Hii ni ya tatu, na Jumapili iliyopita ilikuwa imetimiza wiki saba.

Jumapili hiyo walikula chakula cha mchana jikoni, jua likiwa limeingia mpaka mezani. Verner alikula kipande cha samaki na viazi viwili vidogo, nusu saa kamili. Hakufanya kosa lolote. Jonna aliondoka mezani akaanza kuosha vyombo, akisimulia kisa cha kizee mmoja wa kazini anayeficha soseji kwenye soksi. Verner alicheka, kisha akatazama simu, kama anavyoitazama mara mia kwa siku.

Nne nukta nane. Kando yake mshale ulielekea chini.

Aliiweka simu, akaichukua tena. Nne nukta tano. Mikono ilikuwa imetulia, hakusikia jasho wala njaa. Mgeni alikuwa amejifunza kuingia kimya. Kengele ingelia kwenye tatu nukta tisa, na kipimo kingeandika, na hospitali wangesoma. Alijua pia kwamba kipimo kikibanduka kwa bahati mbaya, mtu akijigonga mlangoni kwa mfano, hakiandiki kitu. Alikigusa kwa kidole. Pembe moja ya plasta ilikuwa imeshaanza kuinuka.

Mgongo wa Jonna ulikuwa kwake. Maji yalikuwa yakitiririka.

"Mama," alisema Verner.

Jonna alifunga maji.

"Nashuka."

Alikausha mikono, akachukua jibini na kisu, akaja akakaa kando yake. Waliiweka simu katikati ya meza. Verner akatafuna taratibu kama alivyofundishwa, na wote wawili wakaitazama namba, nne nukta mbili, wakingoja kuona itasimama wapi.